Kufuli la Kibokoni

Chumbageni, Tanga
Jumatano usiku

Mpwa wangu,

Barua hii anakuletea utingo wa basi pamoja na kifurushi. Kifurushi usikifungue, habari yake utaikuta huko chini.

Mama yako amenisomea ratiba yako ya Ijumaa huko Mombasa. Asubuhi Jumba la Mtwana, mchana kobe wa Haller Park, saa tisa Fort Jesus kwa mara ya pili, saa kumi Marikiti, jioni picha chini ya pembe za Moi Avenue, usiku kufungasha, Jumamosi alfajiri safari. Nikamuuliza, huyu mtoto anauaga mji au anahesabu mali ya marehemu?

Ngome ile Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waomani wakaizingira karibu miaka mitatu ndipo wakaitwaa mwaka 1698, Waingereza wakaja kuigeuza jela mpaka 1958. Ukirudi mwakani utaikuta. Kobe nao hawana haraka. Anayeondoka ni wewe.

Nakuandikia haya kwa sababu nilishafanya kama unavyotaka kufanya, mwaka 1984. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukaja kufunguliwa mwishoni mwa 1983. Sisi watu wa Tanga tulikuwa tukienda Mombasa kama tunavyokwenda Pangani. Miaka sita na ushei ikapita tunaisikia redioni tu. Basi nilipopata likizo nilikwenda na njaa ya mji. Nilikaa siku tisa kwa marehemu mamake mwenyeji wako, katika chumba hicho hicho cha juu unacholala sasa. Siku ya mwisho nikajiona bado sijashiba. Nikapanda matatu kwenda Mtwapa kutazama magofu, na wakati wa kurudi gari likaharibika njiani. Nilifika Kibokoni nimebakiwa na nusu saa, na basi langu liko ng'ambo, Likoni. Nikabeba mkoba, nikatia kufuli mlangoni kama nilivyozoea, nikateremka ngazi mbio. Bi mkubwa alikuwa jikoni. Nilimpigia ukelele, "Mama, tutaonana!" nami nimeshafika barazani. Hata uso wake sikuuona.

Tulipofika Msambweni nikatia mkono mfukoni kutafuta leso ya jasho, ukatoka ufunguo.

Ndani ya chumba kile ndimo lilimokuwa sanduku lake la nguo, na kesho yake ana arusi ya mtoto wa dada yake. Ufunguo niliurudisha kwa utingo wiki ile ile, pamoja na barua ya kurasa tatu ya kuomba radhi. Basi liliporudi Tanga, utingo akanipa kitu kizito kimefungwa kwa gazeti. Kufuli, limepondwa kwa nyundo. Barua hakuna, hata salamu. Baadaye sana ndipo nikasikia kwamba siku ile alikuwa amenikaangia mahamri ya njiani, yakabaki chini ya kawa mpaka asubuhi. Kufuli nililizoea upesi. Yale mahamri mpaka leo yananikaa kooni.

Ndiyo maana nakwambia Ijumaa si siku yako. Siku nyingine zote ulizokaa huko zilikuwa zako, umetembea utakavyo, umelala utakavyo. Hii ya mwisho ni ya wenyeji. Mtu aliyekukirimu ana haki ya kukusindikiza, na hawezi kumsindikiza mgeni anayekimbia.

Kwa hiyo ya madukani yamalize kesho, Alhamisi. Fungasha kesho usiku, badilisha shilingi za Kenya ubaki na za chakula tu, tiketi na pasipoti viweke pamoja. Huko Biashara Street mtafutie mama yako khanga, nao wakikwambia leso usibishane, ndilo jina lake huko. Nunua doti mbili, moja ya mwenyeji wako. Na tafadhali soma maandishi. Mimi niliwahi kumchukulia mke wangu doti moja ya Mali ya Abdulla. Nikatazama pindo, nikatazama mji wake, rangi zinawaka kweli. Jina sikulisoma. Yalikuwa maneno ya kumsuta jirani mfitini. Mke wangu alikaa siku nne ananiuliza ni nani aliyenituma.

Ijumaa asubuhi kanunue mahamri na mbaazi kwa yule yule mama wa pembeni uliyenitajia juzi kwenye simu. Usijaribu kwa mwingine. Mwambie unaondoka, uone kama hatakuongezea. Kisha pita Ndia Kuu polepole mpaka Bandari ya Kale, simu ikiwa mfukoni. Nimeona picha zako zote, zinatosha. Muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, simama unywe, hata kama ni chungu kwako.

Saa sita uwe nyumbani. Siku ya Ijumaa katika nyumba za Mji wa Kale watu hurudi kutoka msikitini wakala pamoja, na mgeni anayeondoka kesho lazima apikiwe kitu. Usingoje kuitwa mezani. Ingia jikoni, kaa juu ya mbuzi ukune nazi, na hapo ndipo utaambiwa mambo ambayo siku zote hizi hukuambiwa. Nazi tatu zinatosha kwa habari za ukoo mzima.

Alasiri wachukue watoto wa nyumba hiyo muende Mama Ngina. Nunueni mihogo ya karai yenye ukwaju na pilipili, na madafu, mkae chini ya mibuyu. Meli za Kilindini hupita karibu mno pale, na mtoto wa pwani hachoki kuzitazama. Kilindi, kama hukufundishwa shuleni, ni mahali penye kina kirefu cha maji. Ndiyo maana meli kubwa zikaiacha Bandari ya Kale kwa majahazi zikahamia upande ule. Watoto waache wakueleze wao.

Jumamosi, dereva akitaka kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, hiyo ni bahati mbaya yako. Basi likipita Likoni, shuka uvuke kwa miguu pamoja na watu. Simama nyuma ya feri, utazame kisiwa. Mwendo wenyewe ni wa dakika chache, na ndio wakati pekee nitakaokuruhusu kulia.

Sasa kifurushi. Ndani yake mna kufuli jipya, zito, la shaba. Mpe mwenyeji wako Ijumaa baada ya chakula, mkiwa mmekaa, usije ukamkabidhi mlangoni. Usimweleze neno, usiku ule alikuwa mtoto wa miaka kumi, na ndiye aliyeshika taa wakati mama yake akigonga nyundo. Akicheka niambie. Asipocheka niambie pia.

Funguo ni mbili. Zihesabu kabla hujashuka ngazi, zote zibaki Kibokoni.

Mjomba wako