Dhahabu ya Kilwa Tuliyoikuta Lisbon

Asubuhi yetu ya kwanza Lisbon tuliingia kwenye mkahawa mdogo wa mtaa wa Alfama, wanawake wanne na njaa zetu. Mzee mwenye mkahawa akatuonyesha kona ya dirishani, akasema, "Mesa." Tukakaa. Akaleta maji, akaigonga bilauri kwa kidole, akasema, "Copo." Tukatazamana. Mwenzetu mmoja ni mwalimu wa Kiswahili, na papo hapo akachomoa daftari kwenye mkoba akaandika: meza, kopo. Hadi jioni orodha yake ilikuwa imeteremka ukurasa mzima, leso, bendera, mvinyo, karata, kasha, foronya, parafujo, padri. Mzee yule hakujua neno la Kiswahili, nasi Kireno hatukijui, lakini kifungua kinywa tuliagiza na tukala tulichokitaka.

Safari hii tuliilipia kwa akiba ya pamoja. Sote tunaishi Dar es Salaam, tumejuana tangu tukiwa bweni moja, na kwa miaka minne kila mwisho wa mwezi tulitia fedha kwenye mfuko mmoja bila kuigusa hata pale mmoja wetu alipouguliwa na mama. Tulipoanza hatukuwa tumechagua pa kwenda. Wawili wetu walitaka Istanbul, mimi nilitaka Paris. Aliyetushinda ni mwenzetu aliyezaliwa Kilwa Masoko, ambaye tangu shuleni tunamwita Mkilwa. Alisema, "Shoga zangu, picha na minara mtapiga mwaka mwingine. Mimi nataka kuona walikotoka wale." Hakuna aliyeuliza wale ni akina nani.

Alfama ina vichochoro vya mawe vinavyopanda mlima na kugeuka ghafla, na nguo zimeanikwa madirishani, shuka juu ya kichwa cha mpita njia. Jina lenyewe ni la Kiarabu. Mji huu ulikuwa mikononi mwa Waislamu kwa karne kadhaa, mpaka mwaka 1147 ulipotekwa na mfalme wa kwanza wa Ureno. Nilitembea mle nikijihisi niko Mji Mkongwe wa Unguja, na sikuona haja ya kujizuia kuhisi hivyo. Mtaa huu ulinusurika kwa kiasi kikubwa tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, pale tetemeko lilipoupiga mji asubuhi watu wakiwa makanisani, bahari ikapanda, na moto ukamalizia vilivyobaki. Kwenye kilima kingine, katika magofu ya Carmo, matao ya kanisa bado yamesimama bila paa. Mvua inanyesha hadi ndani, na ndege wanaruka kati ya nguzo.

Siku ya pili tulipanda tramu namba 15 hadi Belém, ukingoni mwa mto Tejo. Hapo ndipo Vasco da Gama alipong'oa nanga mwezi Julai 1497. Mlangoni pa Monasteri ya Jerónimos mwalimu wetu akasimama tena na penseli, maana kibao kiliandikwa "Igreja", yaani kanisa. Wataalamu wa lugha husema ndiko lilikotoka neno letu gereza: Wareno walijenga makanisa ndani ya ngome zao, ngome zikaja kuwa mahali pa kufungia watu, na jina likabaki na kazi mpya. Kule Kilwa Kisiwani ile ngome ya ufukweni bado inaitwa Gereza. Ilibidi tupishe watu mlangoni, tulikuwa tumeganda.

Monasteri hiyo ilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16, kazi ikachukua takriban miaka 100. Gharama zake zililipwa kwa sehemu kubwa na ushuru wa asilimia 5 uliotozwa kwenye pilipili manga, viungo na bidhaa nyingine zilizotoka Afrika na Mashariki. Ukijua hilo, huwezi kuziangalia nguzo zake kwa jicho la mtalii tu. Mawe yamechongwa kama kamba za jahazi, mafundo kwa mafundo, pamoja na matumbawe, majani na viumbe wa baharini. Ni kazi nzuri. Nasema hivyo bila kuuma meno, kwa sababu fundi aliyeshika patasi hakukosa kitu. Upande wa kushoto ukiingia amelala Vasco da Gama, sanamu ya jiwe juu ya kaburi, viganja vimekutana kifuani kama mtu anayesali. Alifia Cochin, India, mkesha wa Krismasi mwaka 1524, na mabaki yake yalihamishiwa hapa mwaka 1880. Watu walipanga foleni kupiga picha. Mkilwa alisimama miguuni pa sanamu ile kwa muda mrefu, mikono nyuma, kama anayesubiri mtu aamke.

Kwetu tunajifunza kwamba da Gama alifika Mombasa na Malindi mwezi Aprili 1498, Mombasa wakamtilia shaka, Malindi wakampokea na kumpa rubani wa kumvusha hadi India. Mnara wake kule Malindi unajulikana, wanafunzi huupiga picha. Sura inayofuata husemwa kwa haraka. Mwaka 1502 mtu huyohuyo alirudi na kundi la merikebu zenye mizinga, akatia nanga mbele ya Kilwa, akamtishia mtawala wake, Amiri Ibrahim, kwamba mji utateketezwa asipokubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kodi ya dhahabu. Amiri akalipa. Mwaka 1505 akaja Mreno mwingine, Francisco de Almeida, na meli nyingi zaidi. Kilwa ikaporwa mwezi Julai, na Mombasa ikachomwa moto mwezi Agosti.

Mkilwa alitusimulia hayo usiku huo, tumekaa kwenye ngazi za nyumba tuliyopanga, chai imepoa vikombeni. Nyanya yake aliwahi kumwambia kwamba watu wa kisiwani walizoea kuokota shanga na vipande vya vyungu vya Kichina mvua ikinyesha. Yeye mwenyewe akiwa mtoto aliokota.

Tulikodi gari tukaenda kusini. Évora tulilala usiku mmoja. Ina hekalu la Warumi katikati ya mji, nguzo zimesimama tangu karne ya kwanza, na ina kanisa dogo ambalo kuta zake zimefunikwa kwa mifupa na mafuvu ya watu. Wenzangu waliingia. Mimi nilichungulia nikarudi nje kwenye jua, na sijutii.

Mértola ndiyo iliyotushika. Ni mji mdogo mweupe juu ya mto Guadiana, korongo wamejenga viota juu ya minara. Kanisa lake kuu lilikuwa msikiti wa karne ya 12, na Wakristo walipouteka mji mwaka 1238 hawakuubomoa msikiti huo, waliugeuza. Ukiingia unakuta msitu wa nguzo na milango ya tao la umbo la kiatu cha farasi. Nyuma ya altare, ukutani, bado ipo kibla. Nilikaribia nikaiangalia: nakshi ya plasta iliyofifia, matao madogo yamepangwa mduara ndani ya kishubaka, mchoro wa mkono wa fundi fulani aliyetaka msali aelekee vizuri. Mwenzetu mmoja Muislamu alisimama pale akisoma kitu kwa midomo bila sauti. Mwenzetu Mkatoliki akapiga ishara ya msalaba akielekea upande uleule. Hatukulizungumzia. Tulitoka tukanunua machungwa.

Tuliporudi Lisbon tulikuwa na siku mbili. Ya kwanza ilitupeleka uwanja wa São Domingos, ambako Waafrika wanaoishi mjini hukutana tangu asubuhi, Waguinea-Bissau wengi, wanauza kola na kupashana habari. Hapo mama mmoja wa Msumbiji alitusikia tukizungumza, akasogea, akasikiliza kama mtu anayenusa chakula cha kwao. Alikuwa wa Cabo Delgado, wa kabila la Wamwani, na Kimwani ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Akatuuliza habari za watoto, habari za nyumbani, habari za safari, kwa utaratibu wote unaotakiwa. Ndiye aliyetuonyesha jiwe la kumbukumbu lililo uwanjani hapo: mwezi Aprili 1506 maelfu ya watu wa asili ya Kiyahudi waliuawa mjini humu, na ghasia zilianzia kwenye kanisa lile pale. Mkilwa aliurudia mwaka, "1506." Akanishika mkono akasema, "Ukumbuke. Kesho tutaukuta tena."

Kesho yake tulikwenda makumbusho ya taifa ya sanaa za kale, mtaa wa Janelas Verdes. Kumbe hapo ndipo Mkilwa alipokuwa akitupeleka tangu mwanzo. Alipita vyumba vya michoro bila kugeuka, tukamfuata karibu mbio, hadi kwenye chumba chenye mwanga hafifu na kabati la kioo.

Ndani yake kuna monstransi ya Belém; monstransi ni kile chombo ambacho Wakatoliki huwekea Ekaristi Takatifu ili iabudiwe. Urefu wake ni sentimita 73, na ni ya dhahabu. Mitume 12 wamepiga magoti kuizunguka sehemu ya kuwekea hostia, kila mmoja ana joho la rangi yake, bluu, nyekundu, kijani, na sura zao hazifanani. Juu yao ananing'inia njiwa mdogo, na juu zaidi ameketi Mungu Baba. Shina lina tufe za falaki, nembo ya mfalme Manuel wa Ureno. Kwenye kitako wamelala ndege, matunda na maua ya rangi. Anayetajwa kuwa ndiye aliyeitengeneza ni sonara Gil Vicente, na Manuel aliiachia Monasteri ya Jerónimos katika wosia wake.

Kwenye ukingo wa kitako kuna maandishi. Mkilwa aliinama hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akafuta kwa ncha ya mtandio, akainama tena. Maandishi yanasema kwamba mfalme Manuel aliamuru kitu hiki kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506. Ni dhahabu ileile ya Amiri Ibrahim, mithkali 1,500 kwa kipimo cha dhahabu cha wakati ule, aliyorudi nayo da Gama mwaka 1503.

Dhahabu yenyewe haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka nyanda za Zimbabwe, ikabebwa hadi Sofala, ikapanda majahazi kuelekea kaskazini. Kabla ya kugeuzwa mitume, ilishapita mikono ya wachimbaji, wachukuzi, mabaharia, wafanyabiashara na wakusanya ushuru, na hakuna hata mmoja wao aliyeandikwa. Kilichoandikwa ni Kilwa, na aliyeiandika ni aliyeichukua.

Mlinzi wa chumba, mama wa makamo, alikuja taratibu akamuuliza Mkilwa kwa Kiingereza ametokea wapi. Nadhani alitaka tu kumwondoa kwenye kioo kwa adabu. Mkilwa hakujibu kwa mdomo. Alinyoosha kidole kwenye lile jina kitakoni, halafu akakielekeza kifuani mwake. Yule mama aliangalia maandishi, akamwangalia yeye, akaangalia tena maandishi. Akarudi nyuma hatua mbili, akatuachia chumba. Tulikaa humo hadi kengele ya kufunga.

Nimeulizwa na watu tangu turudi kama nadhani dhahabu ile irudishwe. Nadhani kuna jambo la kufanya leo ambalo halisubiri mfalme wala bunge. Kila mwaka shule hupeleka watoto Kilwa Kisiwani. Wanavuka kwa mashua kutoka Masoko, wanaonyeshwa Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa na Gereza, wanaambiwa mji ulikuwa tajiri, na wanaona magofu. Mtoto anatakiwa aamini utajiri asiouona. Mwalimu unayeandaa safari hiyo, tafuta picha ya monstransi ya Belém, ichapishe kubwa, ibebe mashuani. Mkifika Msikiti Mkuu, wakalishe watoto kivulini, waonyeshe kitako chake, na umwite mmoja wao aje alisome jina la Kilwa kwa sauti.