Bamba la Graniti Chini ya Santuri

Nilikuwa fundi redio mjini Singida, na kazi niliyoipenda kuliko zote ni kutengeneza mashine za santuri za kwenye baa. Lalamiko lilikuwa moja: sauti ikipandishwa, besi inaanza kuvuma yenyewe mpaka inameza magitaa. Wenye baa walilaumu amplifaya. Mimi niliteremsha sindano juu ya santuri iliyosimama, nikafungua sauti, nikagonga meza kwa kidole. Spika ikajibu: ndu! Basi nikawaeleza. Spika inatikisa meza, meza inatikisa sanduku la mashine, sindano inasoma mtikisiko huo kana kwamba ni muziki, na amplifaya inaukuza na kuurudisha kwenye spika.

Dawa yake ilijaa nje, maana Singida ni mji wa mawe. Nilitafuta bamba bapa la graniti, nikalilaza juu ya tyubu ya baiskeli yenye upepo kidogo, mashine ikakaa juu. Jiwe peke yake halitoshi, kwani mtikisiko wa meza hulipita. Uzito juu na ulaini chini ndivyo vinavyoukata. Mmarekani Edgar Villchur alishika kanuni hiyo hiyo mwaka 1961, alipoweka sahani inayozungusha santuri na mkono unaobeba sindano juu ya springi.

Mkono nao una mtetemo wake wa asili, na unatakiwa uwe kati ya mara 8 na 12 kwa sekunde: juu ya mawimbi ya santuri iliyopinda, chini ya besi ya muziki. Mkono ukizidi uzito, mtetemo unashuka. Sasa watu walibandika sarafu ya shilingi kwenye kichwa cha mkono ili sindano isiruke! Santuri iliyopindishwa na jua inauyumbisha mkono huo ovyo, na sindano iliyokandamizwa inakwangua mifereji.

Hilo lilinikera sana, kwa sababu santuri zetu zilichapwa Nairobi. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, santuri ya mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe ikiharibika, kupata nyingine ilikuwa shughuli.

Wewe uliyerithi santuri za wazazi, bandua sarafu hiyo leo. Badilisha sindano iliyochakaa, ondoa spika juu ya meza ya mashine, na santuri zipange wima, mbali na dirisha.