Ngazi Tano, Rangi Tatu

Kazi yetu sisi wahandisi wa programu za kompyuta ina taabu moja ambayo seremala hana. Seremala akimaliza meza, unaiona imesimama au inayumba. Sisi tunaweza kukaa chumbani watu wanane kwa miezi sita, tukaandika maelfu kwa maelfu ya mistari, na mwenye fedha akaja akatazama asijue kama kuna meza au hakuna. Ndiyo maana wenye fedha wamekuwa siku zote wakitafuta njia ya kumpima fundi badala ya kuipima meza. Tunataka kuzungumza kidogo juu ya vipimo hivyo, hasa vile vyepesi vilivyokuja baadaye, na namna vilivyotutendea hapa Uingereza tunakochuma riziki.

Sisi tuliokuja kusoma uhandisi huku Ulaya mwanzoni mwa miaka ya tisini tulikikuta kipimo kikubwa kuliko vyote ndiyo kwanza kinaanza kutajwa. Kinaitwa CMM, na asili yake ni Marekani. Mwaka 1984 Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo, iliyochoka kulipia programu zinazochelewa na zisizofanya kazi, iligharimia taasisi ya uhandisi wa programu katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh. Mwaka 1986 akajiunga nayo Watts Humphrey, aliyekwishaitumikia IBM kwa miaka mingi, naye ndiye aliyelisukuma wazo la ngazi tano. Wazo lenyewe halikuwa geni, kwani Philip Crosby alikuwa ameshapanga hatua tano za ubora wa viwandani katika kitabu chake cha mwaka 1979. CMM yenyewe ilitoka mwaka 1991, na mwaka 2000 ikaingia nafasi yake CMMI.

Ngazi ya kwanza ni ya vurugu: kazi inakwenda kwa ushujaa wa mtu mmoja mmoja, na shujaa akihama kazi inahama naye. Ya pili, mnaweza kurudia leo mlichofanikiwa jana. Ya tatu, kampuni nzima ina njia moja inayojulikana na kuandikwa. Ya nne, mnajipima kwa takwimu. Ya tano, takwimu hizo mnazitumia kujirekebisha bila kungoja msiba. Tusiwe watovu wa shukurani, mpango huu una akili. Yeyote aliyewahi kufanya kazi katika ngazi ya kwanza, akapigiwa simu saa nane za usiku kwa sababu yeye peke yake ndiye anayejua nenosiri, hawezi kuudharau.

Shida ilikuwa uzito. Kampuni tuliyokuwamo mwaka 2004 ilitaka kutambuliwa katika ngazi ya tatu kwa kuwa mteja mmoja mkubwa aliitaja katika zabuni. Kwa zaidi ya mwaka mzima tulijaza majalada. Watu wawili wakisimama kwenye mashine ya kahawa kukubaliana jambo dogo, ilibidi warudi mezani wakaandike kumbukumbu za kikao, pamoja na orodha ya waliohudhuria na waliotoa udhuru. Siku wakaguzi walipokuja, kabati lilikuwa limejaa, na programu ilikuwa na makosa yale yale ya mwaka uliotangulia.

Hapa tuombe ruhusa ya kupita uchochoroni kidogo. Kila tunapojaribu kulieleza jambo hili kwa Kiswahili tunakwama kwa utajiri wa lugha. Tuseme ni kipimo cha upevu? Embe lililopevuka limefikia ukubwa wake, lakini bado halijaiva, na ukilila utakunja uso. Tuseme ni cha ukomavu? Bamia ikikomaa huwa ngumu kama kamba, haipikiki tena. Kampuni nyingi tulizoziona zikitundika cheti ukutani zilikuwa zimekomaa kwa maana hiyo ya bamia.

Mwezi Februari 2001, watu 17 wa fani yetu walikutana Snowbird, katika milima ya Utah, wakaandika tamko fupi lililotikisa kazi hii. Walisema wanathamini zaidi watu na mazungumzo yao kuliko taratibu na zana, programu inayofanya kazi kuliko majalada, kushirikiana na mteja kuliko kubishania mkataba, na kufuata mabadiliko kuliko kung'ang'ania mpango. Njia hiyo ikaitwa ajaili, yaani njia ya wepesi. Kazi inakatwa vipande vya wiki mbili tatu, na kila kipande kikiisha pawe na kitu cha kumwonyesha mtumiaji. Wengi wetu tuliipokea kama mtu anayevua koti zito kiangazi kinapoingia.

Lakini koti likishavuliwa, upepo nao unapiga. Kila timu ilijiita ya ajaili. Kusimama asubuhi dakika kumi na tano na kubandika karatasi za manjano ukutani kulitosha kupata jina. Wakubwa wakauliza: tutajuaje kama timu hii inaendelea au inacheza? Na sisi wenyewe, tusijifanye watakatifu, tulikuwa tukijiuliza hivyo hivyo. Ndipo vikazaliwa vipimo vyepesi, vya kukaa saa moja chumbani bila mkaguzi na bila jalada.

Kimoja kilikuwa kimetangulia hata tamko la Snowbird. Agosti 2000, Joel Spolsky wa New York alitoa maswali 12 ya ndiyo au hapana, ambayo timu huyajibu kwa dakika chache tu. Je, msimbo wenu unahifadhiwa mahali panapoweka historia ya kila badiliko? Mnaweza kuijenga programu yote kwa hatua moja? Mnarekebisha makosa ya zamani kabla ya kuandika mapya? Waandishi wa programu wana mahali patulivu? Mwaka 2005 Bas Vodde, akiwa Nokia Networks, alitunga maswali machache ya kujua kama timu inafanya kweli kazi kwa vipande vifupi, na kama mwishoni mwa kipande kitu kimejaribiwa na kinafanya kazi. Baadaye Jeff Sutherland, mmoja wa walioanzisha utaratibu wa Skramu, akayatilia alama. Kumbukeni neno hilo alama, tutalirudia.

Kilichotuingia moyoni zaidi ni kile cha mwaka 2014, kilichotangazwa na Henrik Kniberg na Kristian Lindwall wa Spotify. Timu inakaa na kadi, kila kadi ina jambo moja: urahisi wa kutoa toleo jipya, afya ya msimbo, kujifunza, kusaidiana, hata furaha. Kila mtu anataja rangi, kijani, manjano au nyekundu, kisha mnakubaliana kama hali inapanda au inashuka. Wenyewe walionya kwamba lengo ni kuisaidia timu, si kushindanisha timu na timu.

Mwaka 2015 tulikichukua tukakikatakata kulingana na hali yetu. Tulikuwa watu sita, tukitunza sehemu ya programu ya kulipa mishahara inayotumiwa na makampuni mengi madogo. Tukabaki na kadi saba, saa moja kila baada ya miezi mitatu, chai na biskuti mezani. Kadi moja iliuliza: ni jambo gani analijua mtu mmoja tu? Kikao cha kwanza tuligundua kwamba hesabu ya malipo ya likizo ilikuwa kichwani mwa mwenzetu Mpolandi peke yake, na mke wake alikuwa karibu kujifungua. Tukakubaliana kuwa kila siku ya Jumanne mmoja wetu atakaa naye kwenye kompyuta moja. Mtoto alipozaliwa baba alikaa nyumbani kwa utulivu, wala hatukumpigia simu hata mara moja. Hakuna cheti kilichotoka hapo, ila sisi tuliona kwamba tumepanda ngazi.

Kwa mwaka mmoja na nusu mambo yalikwenda hivyo. Kisha makao makuu wakasikia sifa zake. Mwaka 2017 timu zote kumi na moja ziliagizwa kutumia kadi zile zile, na rangi zikawa zinapelekwa juu, zikapangwa katika jedwali moja, timu kwa timu. Muda si mrefu likatajwa katika barua ya bonasi ya mwisho wa mwaka. Hakuna aliyesema uongo kwa sauti. Ila katika robo mbili tu za mwaka, kijani kilienea katika jedwali kama mwani, na hatukuona aliyebadilisha hata mstari mmoja wa programu.

Sisi tuliacha nyekundu yetu moja, kwenye kadi inayouliza: toleo jipya likiharibika, mnaweza kurudisha la zamani haraka? Hatukuweza, tukasema hatuwezi. Malipo ya ukweli huo yakawa kuitwa kila wiki kueleza mpango wa marekebisho, huku jirani zetu wa kijani wakiachwa wafanye kazi zao kwa amani. Mchumi Charles Goodhart aliliona jambo hili mwaka 1975 alipokuwa akiandika juu ya sera ya fedha ya Uingereza: kipimo kikishageuzwa kuwa cha kutawalia, kinaacha kupima. Alikuwa anazungumzia benki, lakini angekaa na sisi robo moja tu angetabasamu.

Mwaka uliofuata, Ijumaa ya mwisho wa mwezi, toleo jipya la timu ya jirani liliharibika jioni. Katika jedwali, kadi yao ya kurudisha toleo la zamani ilikuwa kijani kibichi. Kweli, programu ya zamani ilirudi upesi. Lakini hifadhidata ilikuwa imeshabadilishwa umbo, na hatua ya kuirudisha haikuwahi kujaribiwa hata siku moja. Tuliitwa kusaidia, tukatoka ofisini Jumapili mchana. Mishahara iliyokwama ilikuwa zaidi ya wafagiaji wa maofisi na walezi wa wazee, watu wasio na akiba ya kuwavusha hata siku mbili. Ndugu msomaji, huhitaji kuelezwa kazi hizo hapa Uingereza zinafanywa na nani, wala mwisho wa mwezi fedha zao zinakwenda wapi.

Mtu angedhani fundisho limeeleweka. Uchunguzi ulipokwisha, makao makuu waliamua kwamba kuanzia sasa kila kijani kiambatane na ushahidi wa maandishi na saini ya mkuu wa timu. Kadi saba zikawa na majalada saba. Tuliofanya kazi mwaka 2004 tulitazamana, hakuna aliyesema kitu. Kwa miaka mingi tulidhani wepesi wa kipimo ni uchache wa maswali yake. Siku ile tuliona kuwa umo katika nani anayesikia jibu, na atamfanya nini aliyelitoa.

Wapo wanaosema bora kuachana na ngazi na rangi zote. Nicole Forsgren, Jez Humble na Gene Kim, katika kitabu chao cha mwaka 2018, walipendekeza mambo manne ya kuhesabu: mnatoa matoleo mara ngapi, badiliko linachukua muda gani kufika kwa mtumiaji, ni mabadiliko mangapi yanaharibu, na mkiharibu mnarekebisha kwa muda gani. Hoja yao ni kwamba ngazi humfanya mtu adhani amefika. Tunakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Hesabu hizo angalau zinaitikisa meza yenyewe. Hata hivyo, hazitakwambia kwamba Mpolandi wenu anakaribia kupata mtoto.

Siku hizi tunazitumia kadi nje ya kazi ya mshahara. Vijana watatu wa jumuiya yetu wanatunza, kwa kujitolea, programu ya mfuko wa mazishi: nani kachangia, nani anadaiwa, mwili unasafirishwa lini. Tuliwaambia wasihangaike na kadi saba, waanze na nne. Kikao cha kwanza tu, nakala ya akiba ilipata nyekundu, kwa sababu ilikuwa ikihifadhiwa kila usiku lakini hakuna aliyewahi kujaribu kuirudisha. Wakajaribu Jumamosi moja ukumbini. Ilirudi, ikiwa imepungukiwa na michango ya miezi miwili. Mweka hazina, mama yetu asiyeiamini kompyuta, akatoa daftari lake mkobani, wakajaza mapengo mpaka Isha.

Mwenyekiti aliposikia alitaka matokeo ya kadi zote yasomwe mbele ya mkutano mkuu, tena yalinganishwe na ya jumuiya ya mji wa pili ambayo nayo ina programu yake. Tumemwambia kwamba wanachama wana haki ya kujua michango yao iko salama au haiko, na hilo waelezwe wazi, pamoja na ile miezi miwili. Lakini rangi waliyotaja vijana wale wakiwa peke yao ibaki chumbani, maana ikisomwa ukumbini mara moja, mwakani hatutaiona nyekundu tena. Mwenyekiti hajaridhika. Anasema fedha ni za watu, na kisichosomwa kina kilichofichwa, na hatuwezi kusema hana hoja. Mkutano ni mwezi ujao. Vijana wameomba kwanza waachiwe Jumamosi moja nyingine wairudishe nakala kwa mara ya pili.