Udongo wa pango unatunza, tena unakula

Mimi nafundisha historia na jiografia katika sekondari. Kila mwaka, tukifika kwenye somo la watu wa zamani sana, wanafunzi wananiuliza neno moja: «Mwalimu, juu ya nini walituachia mawe tu?» Wengine wanajibu wenyewe kwamba watu wale walikuwa wachache ao hawakuwa na kitu. Hapana. Mara nyingi jibu liko ndani ya udongo.

Mfupa umejengwa kwa kalisi na fosfati. Uloweke katika siki siku kadhaa, utaona unalegea mpaka unapindika. Udongo wa msitu wetu, wenye kuoshwa na mvua nyingi, uko na asidi. Nayo inafanya kazi ileile polepole. Jiwe linabaki, mfupa unapotea.

Sasa tuangalie pango la Matupi, kwenye mlima Hoyo, kule Ituri. Francis Van Noten alichimba pale katika miaka ya 1970. Alikuta vijiwe vingi vilivyochongwa, vya chini kabisa vikipita miaka 40.000. Lakini alikuta mifupa pia, kwani pango lile ni la jiwe la chokaa, na chokaa inavunja nguvu ya asidi. Ni mifupa ile iliyotufundisha kwamba zamani watu wa Matupi waliwinda hata wanyama wa mbuga, pale ambapo leo ni msitu.

Hata hivyo, ndani ya pango la chokaa adui yuko: mavi ya popo. Yakioza yanatoa asidi, inakula majivu ya moto wa zamani na mifupa, kiisha fosfati inageuka madini mengine. Kwa hiyo mchimbaji akikosa mfupa, asiseme haraka kwamba haukuwepo. Apime udongo kwanza. Akikuta madini yale, ajue pengine mifupa ililiwa. Akikuta majivu ya chokaa bado mazima, basi pengine kweli haikuwepo.

Ndugu wasomaji, wazee wetu hawakuandika vitabu. Majivu yale ndiyo kurasa zao. Mtu anayeingia pangoni kutafuta chokaa ao mbolea ya popo, akikuta tabaka la majivu, aache palepale na kuita wenye kujua. Tabaka likishachanganywa na jembe, hakuna mwalimu atakayelisoma tena.