Mchagua Jembe Si Mkulima?

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Mwalimu wetu alipotupa methali hii tuitungie kisa, wenzangu wengi waliandika habari za shamba na mvua. Mimi sina shamba. Nimezaliwa na kulelewa papa hapa Nairobi, na jembe ninalolijua ni spana. Kwa hivyo, ewe msomaji mpenzi, nitakusimulia yaliyonipata likizo ya Aprili, kisha upime mwenyewe kama wahenga walisema yote au nusu tu.

Mjomba wangu, ndugu toka nitoke wa mama, ana gereji karibu na Mto Nairobi. Usidhani ni gereji ya ukuta na lango. Ni mabati machache, turubai moja na ardhi iliyokuwa nyeusi kwa oili. Kila Jumamosi na kila likizo mimi huenda kumsaidia. Kazi yangu ni kuosha vyuma, kushika tochi na kuleta chombo kinachoitishwa. Pale spana haziitwi kwa majina, huitwa kwa namba: kumi, kumi na mbili, kumi na nne, kumi na saba. Hizo ndizo namba za magari ya Kijapani, ambayo ndiyo yamejaa barabarani. Ukisikia fundi ameitisha kumi na tatu, basi jua gari la Ulaya limeingia.

Katika vyombo vyote vya Mjomba, kimoja alikipenda kama mboni ya jicho lake. Kilikuwa racheti namba kumi na mbili kutoka Ujerumani, aliyoinunua alipokuwa angali kibarua wa watu. Racheti hii si ile ya kuvishwa boksi. Ni spana kama zile nyingine, upande mmoja mdomo wazi, upande wa pili ringi. Lakini ndani ya ringi mna gurudumu la meno na ulimi mdogo wa chuma unaosukumwa na springi. Ukizungusha mbele, ulimi unashika. Ukirudisha nyuma, unateleza juu ya meno, tik tik tik, na nati inabaki palepale. Huna haja ya kuchomoa spana na kuirudisha.

Ile ya Mjomba ilikuwa na meno 72. Gawa nyuzi 360 kwa 72 utapata 5. Maana yake ni kwamba mahali penye dhiki, kama nyuma ya alterneta, unasogeza mkono nyuzi 5 tu na kazi inaendelea. Ringi ya kawaida yenye pembe 12 inataka nyuzi 30 kabla ya kushika tena. Nani asingeipenda?

Jumanne moja ililetwa matatu, na mwenyewe alikuwa akilalama kwamba kila saa inayopita anapoteza pesa. Mjomba alikuwa ameenda kutafuta spea. Nikaachiwa nati za ekzosi nizifungue. Zilikuwa zimeshika kutu utadhani zimechomelewa. Badala ya kuchukua ringi ya kawaida nilichukua racheti, kwa kuwa ni ya haraka. Ilipogoma, niliitia mkia wa paipu. Mwalimu wa fizikia alikuwa ametufundisha kwamba mkono ukirefuka mara tatu, nguvu ya kuzungusha nayo huwa mara tatu. Moyoni nilijipongeza kwamba masomo yamenifaa. Sikukumbuka kwamba nguvu hiyo yote ilikuwa inabebwa na ule ulimi mdogo. Mara, kah! Nati haikugeuka. Racheti ndiyo iliyogeuka, ikawa inazunguka bure mbele na nyuma.

Mjomba aliporudi hakunipiga wala hakufoka. Laiti angefoka! Aliishika ile spana, akaizungusha kwa kidole mara mbili, akasema, "Utaleta nyingine. Si kwa pesa yangu, na mamako usimsumbue."

Nilikuwa na shilingi 1,000 nilizokuwa nimeweka akiba za kununulia riwaya na tamthilia za kidato cha tatu. Mama huuza mboga, na mwaka huo nilikuwa nimeapa kwamba vitabu vya Kiswahili sitamwomba. Siku iliyofuata nilishika njia. Katika duka moja la mjini niliulizia ya Kijerumani kama ile. Niliambiwa ni zaidi ya 3,000. Nikatoka bila kuaga.

Nikateremka hadi Gikomba. Huko, ewe msomaji, utapata kila kitu ila mama na baba. Kando ya njia palikuwa na mtu ametandaza spana juu ya gunia, zinang'aa kama vioo. Nikaona racheti namba kumi na mbili yenye jina lilelile la Ujerumani.

"Ngapi?"

"Kastama wangu, hiyo ni orijino. Mia tano."

"Mia tatu."

"Leta mia tatu hamsini uende nayo. Bei ya kuokota hiyo."

Niseme kweli. Nilijua. Nilikuwa nimetoka kuambiwa elfu tatu saa moja tu iliyopita. Lakini nilihesabu kwamba nitabaki na 650, na vitabu vyangu viwili nitavipata. Nilipofika gereji niliitundika kwenye msumari wa ile iliyovunjika. Mjomba aliitazama kwa mbali, akatikisa kichwa kuonyesha kuridhika. Usiku ule nililala, lakini si usingizi wa haki.

Jumamosi, mwanagenzi mwenzangu aliyenizidi miaka mitatu alikuwa akikaza nati. Kumbuka kwamba unapokaza, unavuta kwa nguvu zako za mwisho. Ulimi uliruka juu ya meno. Spana ikamponyoka pamoja na mkono wake hadi kwenye ukingo wa bamba la chuma. Vifundo vya vidole vitatu vilichunika, damu ikachirizika juu ya injini. Zahanati walimshona nyuzi nne. Kwa majuma mawili hakushika kazi, na kibarua asiposhika kazi hali.

Hapo nilishindwa kunyamaza. Nilimwambia Mjomba yote, bei, mahali, na ya kwamba nilijua tangu mwanzo. Aliichukua ile spana akanionyesha chapa. Jina la kampuni lilikuwa limekosa herufi moja! Nilikuwa nimeitazama siku nne bila kuiona, kwa sababu sikutaka kuiona.

"Kijana wangu," aliniambia, "rahisi si dhambi. Mimi mwenyewe nilianza na vyombo vya rahisi. Dhambi ni kununua kitu ambacho hujakijaribu, ukampa mwenzako akujaribie."

Kisha akanipa nati mbili mpya za namba kumi na mbili na bolti zake, akaniambia nizitie mfukoni. Alinifundisha hivi. Kwanza, visha nati kwenye ringi. Ikicheza kama jino la mtoto, iache, itakula pembe za nati. Pili, ifunge nati kwenye bolti ikiwa imelegea, halafu rudisha spana nyuma taratibu. Ikiwa nati inarudi pamoja na spana, hiyo racheti ni nzito ndani, na mahali penye dhiki utafunga na kufungua palepale hadi jua litue. Tatu, sikiliza. Kila jino lazima litoe mlio sawa na mwenzake. Nne, soma chapa herufi kwa herufi. Ikiwa imeandikwa Cr-V, maana yake ni chuma kilichochanganywa na kromiamu na vanadiamu, chuma kizuri. Lakini herufi hizo hata mwongo anaweza kuzipiga. Tano, ambalo ndilo kubwa, jiulize: kesho ikiharibika, muuzaji huyu nitampata wapi?

Nilirudi sokoni na shilingi 650, sasa nikiwa na macho.

Gikomba niliona racheti kuukuu ya Ulaya kwa 500. Chuma chake kilikuwa kizuri kweli, lakini nilipoizungusha iliruka mara mbili katika kumi. Mwenyewe alisema oili itaitengeneza. Nikamwambia oili haioteshi meno. Akacheka, mimi nikaenda zangu.

Mbele kidogo palikuwa na seti ya spana saba kwenye mkoba kwa 2,800. Muuzaji alinipigia hesabu kwamba kila moja ni mia nne tu, nimwite baba yangu alete pesa. Nilizitazama: nane, kumi, kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne, kumi na saba, kumi na tisa. Zile tunazozishika kila siku ni nne. Gawa 2,800 kwa 4, utapata 700. Kumbe rahisi ile ilikuwa imejificha ndani ya zile tatu zitakazolala mkobani.

Mwisho nilifika Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee hadi leo wanaiita Grogan. Katika duka moja la vyuma niliona racheti za kampuni za Kichina ambazo haziogopi kuandika jina lao wenyewe, Ingco kwenye rangi ya manjano na Total kwenye rangi ya kijani cha bahari. Bei zao zilitofautiana kwa shilingi 70. Nilitoa nati zangu mfukoni. Mwenye duka alinitazama, akaniwekea racheti nne juu ya kaunta. Jambo nililoliona ni kwamba hata mbili za kampuni moja, zilizotoka katoni moja, hazikuwa sawa. Moja iliburuta nati, mwenzake haikuburuta. Ndiyo sababu sitakwambia ni kampuni gani niliyoichagua. Ukienda, jaribu ile iliyo mkononi mwako, usijaribu jina.

Alitaka 780. Nikamwambia nina 650 na hata nauli sina. Alinyamaza, akaandika risiti ya 650. Nilitembea kwa miguu hadi gereji, na safari ile sikuiona ndefu.

Mjomba aliijaribu kwa nati yake. Hakusema ni nzuri wala ni mbaya. Aliitundika kwenye msumari, akaniambia, "Nati iliyoshika kutu inaanzwa na ringi ya kawaida. Racheti ni ya kumalizia. Na paipu ni ya maji." Ile ya Kijerumani alinipa mimi. Upande wa ringi umekufa, lakini upande wa mdomo bado mzima, na namba kumi na mbili ni namba kumi na mbili.

Vitabu sikununua muhula ule. Nilisoma riwaya ya deski mwenzangu wakati wa chakula cha mchana, naye nikamsaidia hesabu. Kovu la mwanagenzi mwenzangu ninaliona kila Jumamosi anaponipokea spana. Alinisamehe siku ileile, lakini ninapomkabidhi chombo huwa nakizungusha kwanza mwenyewe.

Je, mchagua jembe si mkulima? Wahenga walikuwa wakimsema mvivu anayelisingizia jembe, na kwa hilo hawakukosea, maana mimi nilipewa jembe bora nikalivunja kwa ujinga wangu. Lakini mkulima atakayempa mwenzake jembe asilolichagua, naye sijui tumwite nani.