Tartuffe na mwongozo wake

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimeanza Tartuffe ya Molière. Kabla ya tendo la kwanza nimesoma sehemu ya historia katika mwongozo, na imenifaa. Mchezo ulioneshwa Versailles Mei 1664 mbele ya Louis XIV, kisha umma ukanyimwa. Ukarudi 1667 kwa jina jingine, ukafungiwa tena. Ruhusa ilipatikana Februari 1669. Sasa naelewa kwa nini, kama mwongozo unavyodokeza, mwishoni anatokea afisa wa mfalme kuwaokoa wote, na mfalme anasifiwa sana.

Alhamisi, 6 Machi
Tartuffe, mnafiki anayejidai mcha Mungu na anayekaa nyumbani kwa Orgon, haonekani jukwaani mpaka tendo la tatu. Kabla ya hapo anasemwa tu. Orgon karudi kutoka safari, mtumishi wake Dorine anampa habari: mkewe aliugua homa usiku kucha. Yeye anauliza, na Tartuffe je? Tartuffe amekula kwale wawili na nusu ya paja la kondoo, akalala fofofo. Orgon anamwonea huruma Tartuffe! Nimecheka peke yangu chumbani. Mwongozo unaeleza kwamba enzi zile watu wenye mali waliwakaribisha majumbani washauri wa mambo ya dini, hata wasio mapadri. Bila maelezo hayo ningemwona Orgon punguani tu, kumbe anafuata desturi ya wenzake.

Jumamosi, 8 Machi
Tendo la nne nimelisoma kwa sauti. Elmire, mke wa Orgon, kamficha mumewe chini ya meza ili asikie mwenyewe Tartuffe anavyomtongoza. Tartuffe anasogea. Elmire anakohoa, ndiyo ishara, Orgon kimya. Anakohoa tena. Tartuffe, kwa upole wote, anampa kipande cha urukususu cha kutuliza kifua! Kila analosema mama huyu linawaendea wanaume wawili, aliye mbele yake na aliye chini ya meza, na kadiri mume anavyochelewa ndivyo hatari inavyomkaribia mke. Nikafungua mwongozo: “Unafiki wa Tartuffe wafichuliwa.” Basi. Meza haikutajwa, wala kikohozi.

Jumapili, 9 Machi
Mdogo wangu ana mtihani wa Kifaransa na ameniomba mwongozo. Nitampa, lakini baada ya tamthilia yenyewe. Asome tendo zima kwa sauti kwanza, ajue nani amesimama wapi na nani anamsikia nani. Historia na desturi atazikuta kwenye mwongozo. Muhtasari wa matendo auruke kabisa.