Starehe ya Ijumaa Doha, starehe ya Jumapili Sori

Jamaa zangu wa Migori, Kenya, huniuliza mara kwa mara watu wa huku Doha, Qatar, wanastarehe vipi. Picha wanazoziona mtandaoni ni za boti za kifahari, mabwawa ya kuogelea juu ya maghorofa na meza za hoteli zilizofurika kaa na kamba. Maisha hayo yapo, na wageni wenye mishahara minono huyaishi kweli. Mimi nitaeleza starehe ya mtu wa kipato cha kawaida, kwa sababu ndiyo niijuayo, na ndiyo inayotufaa tunapoutazama ufuo wetu wa Ziwa Victoria.

Ukingoni mwa bahari ya Doha kuna barabara iitwayo Corniche, yapata kilomita 7. Upande mmoja yamesimama maghorofa ya West Bay. Upande wa pili kuna Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu, yaliyofunguliwa 2008. Katikati kuna njia pana ya waendao kwa miguu, taa, mitende, nyasi na mahali pa kukaa. Hakuna lango wala tiketi. Ijumaa jua likishatua, watu hufurika: Wahindi, Wanepali, Wafilipino, Waganda, Wakenya. Vijana waliopiga pasi mashati yao hupigana picha za kutuma nyumbani. Familia hutandika mikeka, watoto wakikimbizana pembeni, na majahazi yenye taa za rangi huita abiria.

Gharama yake ni ndogo. Treni za metro, zilizoanza kazi 2019, hutoza riali 2 kwa safari. Ukishuka unanunua karak kwenye kikombe cha karatasi, chai ya maziwa iliyochemshwa na iliki mpaka rangi yake ikakaribia udongo wa Awendo. Unakaa, unapiga gumzo, unapigwa na upepo, unarudi kulala. Wakati wa kiangazi, joto linapovuka nyuzi 40, mji mzima huhamia usiku. Wakati huo si ajabu kukuta mtoto anabembea saa nne za usiku, mama yake akimtazama bila wasiwasi, kwa kuwa taa zinawaka na njia ni salama. Hilo ndilo ninaloliheshimu zaidi katika nchi hii: mtu aliamua kwamba pwani ni ya kukaliwa na watu, kisha akaitengeneza ikakalika.

Lakini watazame vizuri wanaopita, kisha ujiulize nani hayupo. Dada zetu wengi wafanyao kazi za nyumbani hawapo. Sheria ya Qatar ya 2017 inawapa siku moja ya mapumziko kila wiki na kikomo cha saa 10 za kazi kwa siku. Hata hivyo, shirika la Amnesty International lilipozungumza na wanawake 105 wa kazi hiyo, katika ripoti yake ya 2020, 90 kati yao walisema walikuwa wakifanya kazi zaidi ya saa 14 kwa siku. Mwanamke anaweza kuishi miaka miwili katika mji huu na bahari aione kupitia dirisha la gari la mwajiri tu. Wanaume nao, wale wa ujenzi, wengi hulala mbali na maji, na zipo bustani na maduka ambayo kwa miaka mingi yalitenga siku za familia na kuwarudisha mlangoni wanaume waliokuja peke yao. Kwa hiyo ufuo upo na ni mzuri, ila ruhusa ya kuufikia inatoka mikononi mwa mtu mwingine.

Nyumbani Migori mambo ni kinyume. Jumapili mchana, baada ya kanisa, hakuna amwombaye mtu ruhusa ya kwenda bichi ya Sori. Jumamosi huenda ilikwisha matangani, maana kwetu mazishi ndiyo yanayotukutanisha na binamu wa Rongo na shemeji wa Kendu Bay. Jumapili ndiyo yetu wenyewe. Tunakaa kwenye kibanda, mama anaparua samaki aina ya ngege, anamchanja ubavuni mara tatu, anampaka chumvi na kumtumbukiza mzima kwenye mafuta yanayochemka. Anakuja na jagi na beseni, mnanawa kwa zamu kuanzia kwa mkubwa wenu, kisha ugali unafika. Mezani hapo anakaa mwalimu, mvuvi, mwendesha boda boda na kijana aliyetoka Nairobi jana. Doha sijapata kuona meza ya namna hiyo, kwa sababu huku watu hukaa na wa taifa lao na wa mshahara wao.

Ukishakula lakini, unakwenda wapi? Mahali pa kuketi ukitazama ziwa ni adimu, labda uingie hotelini ununue soda. Choo ni cha kuulizia. Watoto huoga palepale pikipiki zinapooshwa na maji ya kunywa yanapotekwa, huku hatari ya kichocho, mamba na viboko ikijulikana na kila mtu. Giza likiingia, wanawake wanaoanua dagaa wa omena kwenye nyavu kuukuu hufanya kazi kwa mwanga wa simu.

Tukitaka kurekebisha, tusiige kila kitu. Kwenye Corniche kuna sanamu kubwa ya chaza aliyefungua kinywa, na lulu ndani yake. Ni ukumbusho wa wapiga mbizi waliokuwa uti wa mgongo wa mji huu kabla ya mafuta, mpaka lulu za kufugwa za Wajapani zilipoiua biashara yao miaka ya 1930. Sitaki siku moja tujenge sanamu ya ngege Homa Bay mahali ambapo wavuvi walifukuzwa kupisha mikahawa. Mvuvi, mwanika omena na mpumzikaji wanaweza kugawana ufuo mmoja, mradi kila mmoja atengewe sehemu yake.

Na wajibu huo una mwenyewe. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi kaunti bustani, fuo na vifaa vya burudani. Homa Bay ilipoandaa Madaraka Dei Juni 1, 2025, tuliona kazi inavyokwenda haraka pakiwa na nia. Sasa nia hiyo ifike Sori, Muhuru Bay na Mbita bila kusubiri sikukuu: viti, vyoo, taa za sola, sehemu ya kuogelea iliyozungushiwa wavu, na walimu wa kuwafundisha watoto kuogelea. Kaunti inapoita wananchi kujadili bajeti, nendeni mkaseme hivyo kwa sauti.

Lipo pia la kwetu binafsi. Tunalia kwa haki kuhusu dada zetu wa Ghuba, nasi Migori na Homa Bay tuna wasichana wa kazi katika nyumba zetu. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Msichana anayekulelea watoto, anayekupikia na kukufulia, je, Jumapili yake anaipata? Kama haipati, mpe wiki hii, pamoja na nauli ya kufika ziwani. Hilo halihitaji bajeti ya kaunti wala kikao cha mtu yeyote.